Nusu Kichwa cha Bernadeta

Igogo, Mwanza
8 Mei 2024

Mama Shamsa,

Paskazia amekufa leo asubuhi. Kesho asisubiriwe saluni.

Aliamka mzima. Akasema kichwa kinamgonga. Akakaa kwenye ndoo, akafa. Hospitali wanasema presha. Tunazika Jumamosi kwetu Magu, huko huko alikoolewa binti yetu Dorcas.

Najua uko kwenye eda ya mzee Abeid, hutoki. Mimi simu sisikii, mpaka mtu anipigie kelele usoni. Masikio yangu yaliishia kwenye kupasua mawe. Ndiyo maana naandika. Masele wa bodaboda ndiye analeta.

Jambo moja. Yule Bernadeta wa benki yuko mlangoni kwangu. Jana mke wangu alimsuka nusu kichwa, giza likaingia, akamwambia njoo kesho nikumalizie. Amekuja saluni hakumkuta, kaja huku. Analia. Upande mmoja umesukwa vizuri, upande wa pili umesimama kama kuku aliyenyeshewa. Nimwambie nini?

Shigela


Igogo
8 Mei 2024

Baba Dorcas, Assalaam aleikum.

Pole. Pole sana, kaka yangu. Nimelia mpaka Shamsa kaja kunishika mabega. Nilikuwa nimekaa humu ndani namlilia mume wangu, sasa namlilia na Paskazia. Eda moja, watu wawili.

Ila wewe! Barua ya msiba umeiandika kama mtu anayeagiza lori la mchanga. "Akakaa kwenye ndoo, akafa." Watu husema ametutoka. Husema Mungu amempenda zaidi. Lakini nakujua. Ungeniandikia maneno matamu ningedhani barua si yako.

Bernadeta mwambie aende saluni, Rose msusi wangu atammalizia. Mteja wa saluni yangu haachwi njiani na nusu kichwa.

Wewe mazishi yakiisha usikae ndani sana. Mimi humu sina redio, sina saa. Asubuhi nikisikia nyundo yako huko juu kwenye mawe ndiyo najua kumekucha kweli.

Mboni, Mama Shamsa


Igogo
20 Mei 2024

Bwana Shigela,

Leo sikuiti Baba Dorcas, maana ni huyo Dorcas mwenyewe niliye na neno naye.

Nilimpokea akiwa bado anavaa soksi za shule. Nikampa kitana, nikampa kichwa changu mwenyewe ajifunzie, akanivuta mpaka machozi nikanyamaza. Mwezi wa kwanza alipoaga kwenda kufungua saluni yake huko Magu, hakuna aliyemlazimisha kuapa. Alisimama mwenyewe katikati ya saluni, mama yake yupo, Rose yupo, akasema: "Sitampigia mteja wako hata mmoja, sitatuma meseji, sitajipitisha kwa mtu kanisani nimsalimie kwa ujanja." Nikamkumbatia. Nikampa drayeri aondoke nayo.

Sheria yangu ni moja. Unaondoka na mikono yako, wateja unawaacha ulipowakuta. Ningemwachia kila anayeondoka abebe wake, leo ningekuwa nasuka kuku.

Sasa sikia. Siku moja baada ya Paskazia kufa, meseji inatoka kwenye namba ya Paskazia. Hata mimi niliipata. Marehemu ananialika! Imeandikwa: PASKAZIA AMEKUFA. WATEJA WOTE NJOONI MAGU KWA DORCAS.

Nikasema ni uchungu, niache. Wiki iliyofuata Rose ananiambia viti vitupu. Wateja wote wa Paskazia wamerudi kutoka Magu wamesukwa. Na wamesukwa nini? Twende kilioni! Mtindo wa bibi yangu, mji mzima! Na Bernadeta, ambaye Rose alimwekea kiti, amepita mbele ya saluni kichwa kizima, nusu iliyobaki imemaliziwa, hata kugeuka hakugeuka.

Msibani, Bwana Shigela. Amesimama juu ya kaburi la mama yake anaita wateja. Mwambie akija Mwanza asipite mlangoni kwangu.

Na wewe umehama? Nyundo yako siisikii.

Mboni


Igogo
21 Mei 2024

Mama Shamsa,

Meseji niliituma mimi.

Dorcas hakujua. Nilimpa Rahim wa vocha simu ya marehemu. Nikamwambia tuma kwa watu wake wote. Akanipigia kelele, watu gani? Nikasema wateja, ndugu nitawaambia mwenyewe. Akasema waende wapi? Nikasema Magu, kwa Dorcas, ndiko msiba uliko. Rahim akaandika hivyo hivyo. Nilitaka azikwe na watu. Nilidhani watakuja watano.

Walijaza kosta mbili. Walilia kuliko ndugu zangu.

Ya nywele ilikuwa hivi. Kwetu kwenye ukoo, siku ya kuondoa matanga, wanawake wa marehemu wanafumua nywele. Shangazi yangu akasimama akatangaza, wanawake wa Paskazia, fumueni. Alikuwa anasema dada zake na wifi zake. Wateja wako wakakaa chini wakaanza kufumua. Shangazi akasema ninyi hapana, ninyi ni wageni. Mmoja akamjibu, "Mama, mimi nimekaa katikati ya magoti ya Paskazia kuliko wewe." Shangazi akarudi mkekani kwake. Wakafumua wote.

Rasta zilijaa uwanja. Mbuzi wa jirani akala za mke wa mchungaji. Tulimvuta moja mdomoni, inatoka tu, inatoka tu, kama kamba ya kisima. Watu walicheka. Mimi nilicheka. Msibani.

Bernadeta alikataa kufumua. Alisema huu upande ni mkono wa mwisho wa Paskazia, hakuna kuugusa. Alikaa na nusu yake.

Dorcas alikataa kuwasuka. Nimesikia mimi mwenyewe kwa masikio haya. Alipiga kelele: "Niliapa kwa Mama Shamsa!" Wakamwambia, tupande gari hivi? Dereva wa kosta akasema yeye hapakii vichwa hivyo, trafiki watamsimamisha kila kona. Dorcas akafikiri. Akasema basi nawafunga twende kilioni, ya kufikia nyumbani tu, kama mgeni aliyenyeshewa unavyompa kanga. Hakuchukua kitu kwa mtu. Namba yake waliiomba, hakutoa.

Bernadeta alikuwa wa mwisho. Dorcas alishika kwanza ule upande wa mama yake. Akauangalia sana. Kisha akasuka upande wake. Walipomaliza nilizunguka kile kichwa. Sikujua upi wa mama na upi wa mtoto. Na mimi ndiye mwenye mke.

Kosa ni langu. Na la yule mbuzi.

Nyundo ni nzima. Mimi ndiye sijaenda.

Shigela


Magu
2 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Ningekutumia meseji lakini simu hujui kuitumia, mpaka Rahim akufungulie, na Rahim akisoma Igogo yote imesoma. Nimempa kondakta wa Mwanza barua hii.

Baba, hiyo meseji yako ya msiba imenipa kazi. Wateja wa mama wanakuja. Wanapanda basi kutoka Mwanza mpaka huku. Jana kaja mke wa mchungaji, yule wa mbuzi. Nikamwambia, "Shikamoo mama, karibu chai, nywele siwezi." Akakaa. Akanywa chai kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, macho yote kwenye mikono yangu. Akasema, "Mwanangu, mkono unao, unakuuma?" Nikamwambia hauumi, umeapa. Akarudi Mwanza na kilemba chake.

Wa huku Magu nao hawaingii. Wanaona kila siku wanawake wa mjini wanaingia na vilemba, wanatoka na vilemba. Wanasema hapa ni saluni ya chai. Jirani kaja kuuliza kama nauza na maandazi. Mume wangu Pius alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka akaniuliza nitaendelea hivi mpaka lini. Ikifika wakati wa mavuno bado nakunywa chai, nafunga saluni, nakwenda kuvuna mpunga na mama mkwe.

Kitu kinachoniuma ni kingine. Mama Shamsa hajaniletea hata pole. Mimi namjua. Yule hawezi kuniacha nimzike mama bila neno. Una habari yoyote?

Na wewe unakwenda kazini? Unakula?

Mwanao,
Dorcas


Igogo
4 Juni 2024

Dorcas,

Marahaba.

Mama Shamsa yuko kwenye eda. Kwenye eda hawaandiki.

Kazini naenda. Nakula.

Endelea na chai.

Baba yako


Igogo
12 Juni 2024

Baba Dorcas,

Nimekurudishia jina lako.

Nimechelewa kukujibu kwa aibu. Barua yako niliisoma nikiwa nimekasirika, nilipofika kwa mbuzi nikacheka kwa sauti, Shamsa akaja mbio, "Mama, majirani watasema eda gani hii!" Nikampa asome. Akacheka kuliko mimi.

Rose nimemuita nikamuuliza vizuri. Kumbe viti vilikuwa vitupu kwa sababu vichwa vyote vilikuwa vipya! Nani anasukwa Jumapili halafu anasukwa tena Jumatano? Sasa wameanza kurudi. Ila wamenipa balaa jingine, wote wanataka twende kilioni. Sasa ndiyo imekuwa fasheni. Na mistari ya Rose inapinda kama njia ya mbuzi wako.

Sasa nikuambie. Dorcas ameniandikia. Hakuniuliza kwa nini nimenyamaza. Aliomba radhi kwanza, akasema kama amekosa aambiwe. Halafu akauliza kama nyundo yako naisikia. Amesema: "Baba anasema anakwenda kazini, lakini barua yake haina vumbi. Barua za baba huwa zina vumbi la mawe. Wewe uko karibu, nisaidie."

Na eti umemwambia kwenye eda watu hawaandiki! Eda inanikataza manukato, Baba Dorcas, haijanikataza kalamu. Sijamjibu. Kudanganya siwezi, kukusema siwezi. Nenda kazini nipate la kumwandikia.

Na hili lingine linaninyima raha. Mtoto hajaita mteja, sawa. Lakini mteja akimfuata kwa miguu yake? Nikisema mpokee, kesho Rose ataondoka na atasema hakuita mtu, walimfuata tu. Keshokutwa nabaki na vioo. Toka Abeid afe sina kingine ila hiyo saluni. Usidhani ni roho mbaya. Ni woga.

Eda yangu inaisha mwisho wa mwezi. Nitaoga, nitavaa, nitataka kusukwa. Toka nifungue saluni kichwa changu kimeshikwa na mtu mmoja tu, naye umemzika Magu. Rose simpi. Sasa mwenye saluni niende wapi?

Mboni


Igogo
13 Juni 2024

Mama Shamsa,

Mimi napasua kokoto. Ya saluni siyajui. Nasema ninavyoona.

Kokoto nikishalipakia linakwenda na lori. Mtu haendi hivyo. Ana miguu.

Dorcas akiwaita, amekosa. Kuwaita hakuwaita, niliita mimi, na mimi sisuki. Lakini akiwarudisha na vilemba, wewe ndiye unawafukuza. Unatumia mdomo wake. Wakirudi Mwanza hawarudi kwako wamefurahi.

Rose akitaka kukuibia atakuibia. Akiwa mtu mzuri atakuaga. Sheria yako haimbadilishi.

Unaogopa. Mimi pia naogopa. Nikifika kwenye mawe hakuna wa kuniletea uji saa nne. Najua nitaangalia ile njia.

Kichwa chako peleka Magu.

Shigela


Magu
30 Juni 2024

Baba, shikamoo!

Kaa chini. Kaa kwenye kitu kisicho ndoo.

Jana asubuhi niko mlangoni nasonga rasta ambazo hazina kichwa, naona bajaji inasimama. Kashuka Shamsa. Halafu kashuka Mama Shamsa, gauni la kijani, wanja, manukato mpaka kwa jirani. Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Shikamoo Mama Shamsa."

"Marahaba. Chai sitaki. Habari za chai yako nimezisikia."

Akaingia, akashusha pazia, akavua mtandio, akakaa kwenye kiti changu. Kichwa chote mvi na miezi ya kukaa ndani.

"Suka."

Nikamwambia siwezi.

"Huwezi nini?"

"Wewe ni mteja wa saluni ya Mama Shamsa. Niliapa."

Shamsa aliangalia ukuta, mabega yanamcheza. Mama Shamsa akanitazama kwenye kioo.

"Na huyo Mama Shamsa ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Aa. Basi ngoja nimuombe ruhusa."

Akainuka. Nakwambia aliinuka kweli! Akajitupia mtandio, akatoka nje, akapiga hodi. Nikasema karibu, ningesema nini? Akachungulia kwenye pazia akasema, "Dorcas mwanangu, kuna mama mmoja mzee alikuwa amekaa hapa ana kichwa kibaya. Msuke, mimi nimekubali." Kisha akarudi kukaa. "Haya. Umesikia mwenyewe."

Nilicheka mpaka kitana kikaanguka.

Nilipoanza, nilianzia kisogoni, chini ya sikio la kushoto. Akaushika mkono wangu. Nikadhani nimemuumiza.

"Paskazia alikuwa anaanzia hapo hapo," akasema.

"Ndiye aliyenifundisha."

"Mimi ndiye niliyekufundisha, mjinga wewe!"

"Wewe ulinifundisha kitana, mama. Kuanzia nimejifunza kwake."

Akalia, akacheka, akanipiga mkono, akasema suka. Nilimsuka twende kilioni, kwa sababu ndiyo aliyotaka, yeye aliyeisema vibaya mji mzima. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Akasema bibi yake hakuwa mjinga.

Halafu tukaongea. Amesema sheria yake bado ni sheria. Nisimwite mtu. Lakini anayekuja kwa miguu yake nimsuke, na akiondoka nimwambie saluni ya Mama Shamsa bado ipo, na mimi Ijumaa na Jumamosi nitakuwepo huko. Ndiyo, baba! Kiti cha mama cha dirishani. Amesema Rose hataki kukikalia, wengine wanakiwekea mikoba, amechoka kukiona. Siku zilizobaki niko Magu.

Akatoa simu akaandika mwenyewe, akanisomea kabla hajatuma: "Mimi Mboni, Mama Shamsa. Eda imeisha. Dorcas wa Paskazia atakuwa kiti cha dirishani Ijumaa na Jumamosi. Ukishindwa kusubiri yuko Magu. Leo kanisuka mimi." Amesema hiyo si kuiba wateja, hiyo ni mwenye duka kufungua mlango.

Wanawake wa hapa walikuwa wamejaa nje wanachungulia. Mama Shamsa alipotoka, kichwa kinang'aa, jirani yule wa maandazi akasema kwa sauti, "Kumbe kuna na nywele!" Mpaka jioni nilikuwa nasuka. Mikono inaniuma, na Pius ndiye aliyepika.

Sasa la mwisho. Ameniambia kweli. Nyundo hajaisikia toka mwezi wa tano. Sikukasirika, baba. Nilicheka kidogo, halafu nikalia. Wewe uliyewaandikia watu "akakaa kwenye ndoo, akafa," ukashindwa kuniandikia mimi "siendi kazini."

Ijumaa nalala kwako. Nakuja na mchele. Mleta uji wa saa nne, siku nitakazokuwepo, ni mimi.

Mwanao,
Dorcas


Igogo
2 Julai 2024

Dorcas,

Marahaba.

Barua nimeisoma mwenyewe. Rahim aliomba aione nikakataa. Sasa anajua tu kwamba kuna ya kuchekesha.

Kazini sikwenda. Nilikudanganya. Nilikuwa naamka, naweka nyundo begani, nafika kona, narudi. Basi.

Bernadeta alikuja leo. Nusu ya mama yako bado anayo, na nusu yako. Zimelegea, nywele zimeota chini. Anasema kazini wanamsema. Anasema kila akitaka kufumua mkono unagoma. Akaniuliza mimi nifanyeje. Mimi!

Nikamwambia fumua. Nikamwambia yule mwanamke alikuwa hapendi kuona kichwa kichafu, angekugomba. Akakaa mlangoni, kwenye ile ndoo. Niliigeuza mimi mwenyewe nikampa. Alifumua upande wako kwanza, halafu wa mama yako. Alilia kidogo. Halafu akajikuna kichwa kizima kwa mikono miwili, akasema, "Mungu wangu, raha gani hii!" Tukacheka. Amesema Ijumaa ni wa kwanza kwako.

Uwanja nimefagia mimi. Rasta nimezitia motoni, mbuzi wa huku nao siwaamini.

Ukija leta na chumvi, imeisha. Mama Shamsa mwambie afungue dirisha lake asubuhi mapema.

Nyundo nimeitia mpini mpya. Kesho narudi kazini.

Baba yako,
Shigela